Damu, Maji Baridi

Pale kwa dobi walimwita Malenga, na si kwa heshima. Alikuwa amepeleka mashairi kumi na moja kwenye ukurasa wa mashairi wa gazeti la Jumamosi, na yote yakapotelea huko kama soksi. La kumi na mbili lilikuwa njiani. Alikuwa ameapa, pasi ikiwa mkononi, kwamba na hilo lisipotoka, daftari lake litaingia kwenye jiko la kuchemshia maji na yeye atabaki mnyoosha nguo kama wanyoosha nguo wengine.

"Usichelewe kulileta," alisema Povu, mfuaji wa chumba cha nyuma. "Kuni zimebaki chache."

Duka lilikuwa la shangazi yake Malenga. Shangazi ndiye aliyekaa kaunta, na kila nguo iliyoingia aliibandika kijikadi kwa pini: nguo gani, doa gani, liko wapi. Povu hakuwaona wateja. Habari zote za dunia zilimfikia kwa kadi. Mteja akichukua nguo, kadi iliingia kwenye bati la biskuti chini ya kaunta na haikutoka tena, iwe ushahidi siku ya ubishi.

Alhamisi shangazi alienda kung'oa jino. Malenga akakaa kaunta, na kinyozi wa duka la jirani akaleta koti lake jeupe la kazi, bega likiwa na damu.

"Mteja kapiga chafya, wembe uko sikioni," alieleza. "Sikio lipo. Koti nitalipitia Jumamosi."

Malenga akaona bahati imejileta yenyewe. Akaandika:

*Ewe vazi la thamani, mwenzio nina simanzi,*
*Waridi li mabegani, lachanua kwa majonzi.*

Akahesabu mizani kwa vidole, ikakaa sawasawa. Kadi ikajaa, na neno damu halimo.

Povu alisoma mara tatu, akaligeuza koti kutafuta ua, akakosa. Akakata shauri kwamba ni mchuzi, akalitia maji yanayochemka. Damu ikaiva kama yai. Koti likatoka na doa la kahawia ambalo hata mche mzima wa sabuni haukulitikisa.

"Ungeandika damu tu," alisema Povu. "Ningeipa maji baridi, ikaondoka yenyewe."

"Niliandika waridi."

"Waridi sijawahi kufua, ndugu yangu."

Jumamosi gazeti likaja. Malenga alisoma ukurasa wa mashairi mara mbili, kisha na matangazo ya vifo, kwa kuhakikisha. Hakuwemo. Akachukua daftari, akaenda zake jikoni.

"Wewe! Acha huo moto kwanza," shangazi aliita, shavu limevimba. "Kinyozi anakuja sasa hivi. Mwandikie radhi. Mimi mdomo huu haumwombi mtu chochote leo."

"Nimwandikie nini, shangazi?"

"Kilichotokea."

Akampa kadi moja. Malenga alianza na Ewe, akalikata. Kisha akaandika:

*Koti lilikuja na damu.*
*Sikuandika damu.*
*Limechemshwa.*
*Doa halitoki, na aliyekosa ni mimi.*

Kinyozi alisoma akiwa wima. Akasoma tena. Malenga akajiandaa kwa matusi.

"Umeandika wewe?"

"Ni mimi."

Kinyozi akalitazama lile doa. "Hakupiga chafya yule," alisema. "Nilikuwa natazama simu. Ni baba mkwe wangu, na nimemng'ang'ania kwamba alipiga chafya mpaka mwenyewe karibu akubali."

Akaikunja kadi, akaitia mfukoni.

"Kadi inabaki," alisema shangazi.

"Hii naenda nayo kwa mzee." Akatoka na koti lake kwapani, doa na yote.

Shangazi alifungua bati, akalitazama kana kwamba limeibiwa. Malenga akachungulia, akatoa kadi moja, halafu nyingine. Zilikuwa za mwandiko wake shangazi, za miaka.

*Gauni la kijani. Wanja na machozi, kwenye kola. Asiulizwe.*

*Suruali ya shule. Matope, magoti yote mawili. Anasema alisukumwa.*

*Shati la marehemu. Halina doa. Mkewe anataka lirudi na harufu yake, kwa hiyo lipigwe pasi tu.*

Alisoma mpaka pasi ikapoa.

"Shangazi, ulianza lini kuandika?"

"Kuandika nini? Hizo si kadi?" Akamnyang'anya bati. "Kuna mashuka sita yanakungoja."

Kutoka nyuma Povu akapaza sauti: "Malenga! Moto unazimika huku. Daftari linakuja au haliji?"

Malenga alikuwa ameshaligeuza upande wa nyuma, kwenye kurasa tupu, na alikuwa akichonga penseli kwa wembe.

"Katafute kuni zako," alisema.