Mstari wa Beryl

Horace Tranter aliposukuma mlango wa gereji ya Clive, mume wa binti yake, mjini Coventry, kikombe cha chai kilimponyoka kikavunjika sakafuni. Pikipiki yake, aliyoinunua ujanani alipokuwa fundi wa injini katika kiwanda kilichoiunda, ilimetameta kama kitu kilichotoka dukani jana. Tangi la petroli lilikuwa jeusi pi, na ubavuni mwake ulipita mstari wa dhahabu ulionyooka bila kasoro.

Kukosa kasoro huko ndiko kulikompandisha hasira.

Mstari wa awali uliwekwa na marehemu mkewe, Beryl. Katika kiwanda kile wanawake ndio waliochora mistari ya matangi, kwa brashi nyembamba na pumzi iliyozuiwa. Beryl aliumalizia wake kwa kikia kidogo, alama yake mwenyewe, chini ya kifuniko cha tangi. Wasimamizi walimkaripia, naye hakuacha. Horace alikubali Clive amuuzie pikipiki kwa kuwa magoti yalikwisha kugoma, ila kwa sharti moja: iende kwa mtu atakayekitunza kikia kile.

"Clive! Umefanya nini?"

"Nimekupendezeshea, mzee! Si ilikuwa imebabuka kama kiazi cha kuchoma?"

"Nani alikutuma?"

"Aa, tulia basi. Wanunuzi wanapenda king'aacho."

"Wanunuzi wa magari ya harusi! Wakusanyaji hutafuta rangi ya kiwandani, hata ikiwa na kutu. Umemkwangua mke wangu kwa msasa, halafu waniambia nitulie?"

Clive alikuna kisogo. "Sasa... yule mnunuzi, Pargeter, nishamwambia ni rangi yake ya asili. Yuko njiani. We nyamaza tu, mzee. Nani atajua?"

Horace aliinama kuokota vigae vya kikombe.

Pargeter, mkusanyaji wa pikipiki kuukuu, alifika, akavua kofia, akachuchumaa mbele ya tangi. Clive akawahi kusema, "Kazi ya akina mama wa kiwandani hiyo, bwana. Mkono haukutetemeka hata kidogo!"

"Mwongo mkubwa!" Horace alinguruma. "Rangi hii ni ya wiki hii, Bwana Pargeter. Ile ya kweli ameiangamiza huyu."

Pargeter aliinuka polepole. "Pole, Bwana Tranter. Mimi nilikuja kwa ajili ya ile." Akavaa kofia yake, akaondoka.

"Ona sasa!" Clive alifoka. "Ungefunga mdomo ungekufa?"

"Mke wangu umemfuta. Jina langu hutalifuta."

Horace alishika usukani, akaanza kuisukuma pikipiki kuelekea nje, kulikokuwa kukinyesha mvua, magoti yakimlia. Clive akakimbia kushika kiti.

"Toa mkono!"

Mkono ukaondoka.

"Na Jumapili," mzee alisema pasipo kugeuka, "mwambie binti yangu aje tule nyama ya kuoka kama kawaida. Wewe baki hapa, utafune msasa wako."