Matone ya Fundi Kimya

Walimwita Fundi Kimya, na si kwa sababu ya upole. Mdomo wake ulikuwa kama wembe. Jina lilitokana na kazi yake: cherehani ikipita mikononi mwake ilirudi kwa mwenyewe ikishona kama inanong'ona. Akisikia cherehani inayogonga dukani kwa mtu, alisimama mlangoni na kuuliza, bila hata salamu, "Hapa mnashona au mnasaga?"

Karakana yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Miaka yote alipanda zile ngazi na kichwa cha cherehani begani huku akipiga mluzi. Sasa mluzi ulikatika katikati ya ngazi. Alishika ukuta, kifua kimebana, kizunguzungu kinamzungusha kama bobini ya uzi. Akifika juu, anakaa. Akikaa, hataki kuinuka. Hata kutukana hakuna ladha.

"Baba Watoto, hiyo si kawaida," mkewe alimwambia. Mama Watoto alikuwa fundi wa nguo, na mashine yake ilikaa dirishani, hatua chache kutoka benchi la mumewe. "Siku ya tatu hii hujamsema mtu vibaya."

"Uzee umepiga hodi."

"Uzee gani huo unaoingia kwa mwezi mmoja?"

Alikuwa ameshaamua. Alimwita Ndevu, rafiki yake na mshindani wake wa ng'ambo ya barabara, akamwambia mwisho wa mwezi aje achukue benchi na vifaa vyote. Benchi lile alilichonga mwenyewe ujana wake, na ukingoni akalichimba mfereji mwembamba ili skrubu zikibingirika ziishie humo, zisianguke. Ndevu alilitamani tangu zamani. Siku hiyo hata yeye hakucheka.

Kitu kimoja tu Fundi Kimya hakukiacha: dawa ya macho. Daktari alikuwa amemwambia ana presha ya macho, ile inayokula uwezo wa kuona polepole bila maumivu, na akampa kichupa cha matone. Fundi asiye na macho atapitishaje uzi kwenye sindano? Kwa hiyo alitia asubuhi na jioni bila kukosa, na kila alipotia alijiona mtu makini.

Mama Watoto ndiye aliyeshangaa kwamba vichupa vinaisha haraka. Muuza dawa naye alishangaa. Siku ya kurudi kliniki ilipofika, mkewe akafunga kitambaa kichwani na kusema, "Twende wote."

"Mimi mtoto?"

"Mtoto ningembeba. Wewe utatembea."

Muuguzi wa macho alimshika mkono, akatazama saa yake, akatazama tena. Akamwita daktari. Daktari akasikiliza kifua, akaagiza moyo upimwe kwa mashine.

"Mzee, moyo wako unapiga polepole mno. Kuna dawa yoyote unatumia?"

"Sina dawa ninayomeza," alisema Fundi Kimya kwa kiburi. "Sijawahi kuwa mtu wa vidonge."

"Anatia matone ya macho," mkewe akadakia.

"Matone ni ya jicho! Moyo unahusikaje?"

Daktari na muuguzi wakatazamana. Muuguzi akachukua kichupa cha maji safi. "Hebu nionyeshe, baba, unavyotia."

Hapo fundi alifurahi. Akarudisha kichwa nyuma na kubinya. Tone, tone, tone, mpaka maji yakafurika shavuni. Kisha akakaza macho na kupepesa kwa nguvu, mara nyingi, kama mtu aliyeingiwa na moshi.

"Unapepesa kwa nini?"

"Sista, ukishatia mafuta kwenye cherehani, unazungusha gurudumu ili yafike kila kona. Kavu haifanyi kazi."

"Na kooni unasikia uchungu?"

"Kila siku! Ndipo najua yamefika."

Mama Watoto akafunika uso kwa mikono. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Daktari hakucheka. Alimweleza kwamba dawa ile, hata tone moja, inaweza kupita kwenye kitundu kilicho pembeni mwa jicho, ikaingia puani, na kutoka huko ikaingia kwenye damu. Ikifika huko, moyo unapunguza mwendo, kifua kinabana, mwili unachoka, hata furaha inapotea. Ndiyo maana mgonjwa huulizwa kuhusu moyo na pumu kabla ya kuandikiwa. "Na wewe ulikuwa unaimwaga, kisha kwa kupepesa unaipiga pampu."

"Basi naacha leo."

"Huachi kwa uamuzi wako, utapofuka. Nakubadilishia nyingine mimi, na utarudi tukuangalie."

Muuguzi akamfundisha: tone moja, funga jicho taratibu bila kupepesa, bonyeza kwa kidole pembe ya jicho karibu na pua, utulie dakika mbili. Fundi Kimya alirudia mpaka akasifiwa. Njiani kurudi alinung'unika tu: "Hawakusema si mafuta."

Mwisho wa mwezi, jioni, Ndevu alipanda na vijana wawili wa kubeba. Akamkuta rafiki yake amekaa kwenye benchi, kichwa kimeinama, macho yamefungwa, kidole kimekandamiza pembe ya jicho.

Ndevu akavua kofia. "Usilie, ndugu yangu. Nitalitunza."

Fundi Kimya hakujibu wala hakusogea. Mama Watoto aliendelea kushona, uso kwenye kitambaa.

Dakika mbili zikaisha. Fundi akafumbua macho, akainuka, akashuka mpaka dukani chini, kulikoachwa kazi ya mteja. Walisikia mluzi kabla ya kumwona: unapanda ngazi moja kwa moja, haukatiki. Akatokea mlangoni na kichwa kizito cha cherehani ya kushonea ngozi begani. Akakiweka juu ya benchi, skrubu zikaruka na kubingirika, na zote zikaishia kwenye mfereji.

"Benchi haliondoki," alisema. Pumzi yake ilikuwa shwari. "Ila hao vijana wasirudi bure, Ndevu. Waniletee ile cherehani yako ya kusaga. Inanipigia kelele mpaka huku."

"Karibu tena, Baba Watoto," mkewe alisema kutoka dirishani, bila kuinua kichwa.