Barafu ya Mwalimu Makori

Jumapili saa mbili kasorobo asubuhi, Mwalimu Makori alifungua kufuli la ghala la zamani la samaki karibu na gati la Homa Bay, akaweka kiti chake cha plastiki kwenye kona ya kushoto, akavua viatu na soksi, akakanyaga maji. Sakafu nzima ilikuwa imemwagiwa maji kwa mpira tangu alfajiri, kimo cha vidole viwili, na yalikuwa vuguvugu kama maji yote ya Homa Bay. Wachezaji wa magongo walijipanga ukutani wakifunga kamba za viatu vya barafu, vile vyenye visu chini. Joyline, katibu wa klabu, alipanda juu ya kreti ya soda ili asilowe, akafungua simu, akaanza kumsomea habari za Maroa, mwenzake wa utotoni aliyeko Finland.

"Mwalimu, Maroa amehamia nyumba mpya."

"Mm."

"Ni ya gorofa. Iko na chumba cha kuogea mvuke."

Maji yaliyozunguka nyayo za Mwalimu yakaanza kuwa meupe.

"Endelea."

"Wamempatia kazi ya kufundisha mabeki. Timu ya vijana."

"Vijana wa mji ama wa taifa?"

"Wa taifa, Mwalimu."

Barafu ilitoka miguuni pake, ikakimbia mpaka ukuta wa pili, ikagonga bati, ikatulia. Joyline alishuka kwenye kreti, akaipima kwa rula ya shule, akaandika kwenye kitabu cha klabu: saa mbili na dakika tano, sentimita nne, iko sawa. Refa akapuliza kipenga.

Huo ndio uliokuwa utaratibu, kila Jumapili na Jumatano, na tafadhali usiwaletee watu wa Homa Bay maneno ya kisayansi. Walishaletewa mtu mwenye kipimajoto. Akapima, akala samaki wa mbuta wa kukaanga, akaenda zake. Jumamosi hakukuwa na mazoezi kwa sababu Makori ni Msabato, na siku ya Sabato wivu wake ulipumzika, au angalau haukufika miguuni.

Wivu wenyewe ulikuwa na miaka kumi na tisa. Makori na Maroa walikulia Migori, mmoja mtoto wa Mkisii muuza sufuria sokoni, mwingine Mkuria wa upande wa Isebania. Mchezo wa magongo walijifunza kwa viatu vya magurudumu, kwenye saruji nyuma ya ghala la tumbaku, kwa sababu barafu waliijua ya kwenye soda tu. Wote wawili walikuwa mabeki, Makori kushoto, Maroa kulia. Akaja mzungu mmoja kutoka Finland, kazi yake kukagua vijana, akatazama mechi tatu, akamchukua Maroa. Makori aliambiwa na mzungu huyo kwamba yeye pia ni mzuri, ila hakuonekana akifanya kitu. Jioni hiyo Makori aliinama kunawa uso na beseni likaganda mikono yake ikiwa ndani. Mama yake alilivunja kwa mwiko, akamwambia apunguze mawazo.

Hakupunguza. Kwa miaka mingi wachuuzi walimwita akae kando ya makreti yao ya samaki siku za joto kali, mpaka klabu ilipoanzishwa, ikaona kipaji hicho kinapotea bure.

Lakini usidhani alikuwa pale kwa ajili ya nyayo tu. Kukagua beki, Makori alikuwa anajua kuliko mtu yeyote upande huu wa ziwa, na hilo hata waliomchukia walimkubalia. Mshambulizi hana shida: unahesabu mabao unaenda nyumbani. Beki wa miaka kumi na saba ni kazi, maana unatafuta kitu ambacho bado hakijafika. Makori hakuwa anafuata kile kisahani cheusi ambacho wachezaji hukigombania kwa magongo. Alitazama miguu ya beki anaporudi kinyumenyume. Alihesabu anageuza shingo mara ngapi kuangalia nyuma ya bega kabla ya kukifikia kisahani: mara mbili ni beki, mara tano ni mwoga, asipogeuza kabisa huyo mwandalieni kitanda hospitalini. Aliangalia kama anamwachia mshambulizi nafasi ya gongo moja au anamrukia kama mbwa wa boma. Na zaidi ya yote aliangalia anafanya nini dakika moja baada ya kukosea.

"Mkisikia uwanja unampigia beki makofi," alikuwa akiwaambia, "mjue alichelewa mahali, sasa anarekebisha."

Mwaka huo uwanja ulimpigia makofi Elvis. Elvis alitoka Awendo, baba yake alikuwa mpakiaji wa miwa, na kijana mwenyewe alikuwa na mabega ya kubeba robo ya lori. Alipomgonga mtu, ghala zima lilisikia, na akina mama waliokuja kuuza mandazi walisimama kushangilia. Shingo hakuigeuza hata siku moja.

Upande wa kushoto alicheza Nyakerario, binti wa Makori mwenyewe. Alikuwa mwembamba, mwenye meno ya mbele yaliyopishana, na upande wake hapakutokea kitu. Washambulizi walikuja mbio, wakamwona yuko mahali walipotaka kupita, wakaamua kupitia kwa Elvis. Alifika kwenye kisahani akiwa ameshaangalia nyuma mara mbili, akakitoa kwa pasi moja ya kawaida, na hakuna aliyekumbuka kwamba palikuwa na hatari. Hakuna aliyempigia makofi. Baba yake, kwenye kiti chake, alimtazama na kuona kila kitu alichokuwa nacho yeye mwenyewe akiwa na miaka kumi na saba, pamoja na kitu kidogo zaidi.

Na alipopita Nyakerario, barafu iliongezeka. Hilo lilikuwa wazi kama mchana. Upande wa Elvis ilikuwa inatoa jasho na refa alilazimika kuipiga brashi. Upande wa binti ilikuwa ya buluu, kavu, ngumu kama kaunta ya benki, na kadiri alivyocheza vizuri ndivyo ilivyozidi kunenepa. Kufikia mapumziko upande wa kushoto ulikuwa juu ya ule wa kulia kwa kidole kizima, na ilibidi waweke ubao wa kuteremkia. Watu wa klabu waliushika ule ubao, wakauweka, wakaendelea.

Basi fomu ikaja kutoka Nairobi. Ilikuja kila Agosti, na kila Agosti ilitaka jina moja: beki mmoja, asiyezidi miaka kumi na saba, wa kwenda kambi ya miezi sita huko Finland, chini ya kocha wa mabeki, ambaye sasa alikuwa Maroa. Chini kabisa palikuwa na mstari wa sahihi ya mkaguzi, yaani Makori. Mwaka juzi Makori alimwandika Mirumbe, aliyerudi baada ya mwezi mmoja na homa ya mapafu. Mwaka jana akamwandika kijana wa Rusinga ambaye sasa anauza simu. Jina la binti yake hakuliandika.

"Siwezi kumwandika mtoto wangu," alisema miaka yote miwili. "Watu watasema nini?"

Watu walisema yeye ni mtu wa haki. Kanisani mzee wa kanisa alimtaja mbele ya wote kama mfano kwa viongozi wa nchi, na Makori aliinamisha kichwa. Kikombe cha maji kilichokuwa mimbarini kilipasuka siku hiyo, ingawa ilikuwa Sabato. Shemasi alikiokota.

Novemba Nyakerario alikuwa anatimiza miaka kumi na nane. Baada ya hapo fomu haikuwa na haja naye tena.

Jumatatu jioni mkewe, Priscah, alimletea karai la maji ya moto ya kuyeyushia miguu, kama kawaida siku inayofuata mazoezi, maana vidole vilichelewa. Alikaa kwenye kigoda mbele yake.

"Baba Nyakerario, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Unamwonea mtoto wako wivu?"

"Mimi?" Makori alicheka kidogo. "Mimi ni mtu wa haki. Nikimwandika, watasema Makori amejipendelea."

"Sijauliza watasema nini."

Maji ya moto kwenye karai yakaacha kutoa mvuke. Priscah aliyatazama yakifunga juu, yakashika miguu ya mumewe mpaka kwenye vifundo. Aliinuka akaenda kuchemsha mengine. Alipokuwa jikoni alisema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Wivu wa Maroa niliuelewa. Huu wa sasa nitauita nini?" Makori alikuwa anamfikiria Maroa amesimama kwenye barafu ya kweli, barafu ya Mungu, ameweka mkono begani mwa Nyakerario akimwonyesha kitu, na Nyakerario anaitikia kwa kichwa. Wote wawili wangekuwa huko. Yeye angebaki na kiti cha plastiki.

Jumatano alikuja bwana Omanga kutoka Nairobi kuchukua fomu. Alikuwa mtu mpole, mwenye koti zito aliloshauriwa alibebe. Alitazama mchezo mzima akiwa ukutani, akaona ubao wa kuteremkia, akauliza ni wa nini, akaambiwa. Mchezo ulipokwisha alitembea kwa uangalifu mpaka kwenye kiti cha Makori.

"Mwalimu, mimi sijui sana mambo ya mabeki. Lakini hii barafu yako inasema ni yule msichana."

"Barafu inasema mambo mengi."

"Hapana, inasema jambo moja tu. Hata mama wa mandazi amenionyesha."

"Basi chukua barafu uende nayo Nairobi."

Omanga alifikiri. "Barafu haiwezi kutia sahihi," alisema kwa huzuni ya kweli. "Fomu inataka sahihi."

Nyakerario alikuwa hatua tano kutoka pale, anafungua kamba za viatu, na alizifungua polepole sana. Hakuinua macho. Tangu akiwa na miaka kumi na minne alikuwa anacheza juu ya barafu hiyo, na alijua unene wake kila Jumapili kuliko Joyline na rula yake. Alikuwa anajivunia. Alidhani siku moja itamtosha baba yake aandike jina lake.

Makori aliweka fomu gotini. Kwa uzuri kabisa, herufi za mtu aliyefundisha darasa la tatu, aliandika: Elvis. Palipoandikwa sababu akaandika: ana nguvu, anapendwa na watazamaji. Halafu akatia sahihi. Omanga akaisoma, akaikunja, akashukuru.

"Baba," Nyakerario alisema.

"Naam."

"Elvis haangalii nyuma."

"Najua."

"Watamvunja."

"Atajifunza," Makori alisema. "Wewe ni mtoto wangu, sitaki watu waseme."

Msichana alisimama akiwa na soksi tu. Alichukua viatu vyake vya barafu, akavifunga pamoja kwa kamba, akavining'iniza kwenye msumari wake, akaenda nyumbani kwa miguu. Siku hiyo barafu ilichukua saa kumi na moja kuyeyuka, na ghala likachelewa kufungwa.

Elvis aliondoka wiki iliyofuata. Nusu ya Awendo ilimsindikiza.

Mwisho wa Septemba, siku ya Jumanne, alituma picha. Ilifika kwenye simu ya Nyakerario asubuhi, akiwa mezani na kikombe cha uji, Priscah akichambua mboga mlangoni, Makori akiwa mbali shambani na jembe. Elvis alikuwa amevaa jezi ya buluu. Nyuma yake palikuwa na barafu isiyo na ukuta. Maroa, mwenye mvi kidogo, alikuwa ameweka mkono begani mwake akimwonyesha kitu. Nyakerario aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu. Kisha alijaribu kunywa uji na kijiko hakikutoka.

Priscah alisikia kijiko kikigonga. Aligeuka akatazama kikombe, akatazama shambani alikokuwa mumewe, akapima umbali kwa macho, akaelewa. Aliacha mboga, akaketi chini pale pale, akalia. Alilia kama mtu aliyefiwa, mkono mdomoni. Halafu alikichukua kikombe, akakiweka jikoni kiyeyuke, kwa sababu ulikuwa uji wa wimbi na wimbi haupatikani ovyo.

Habari zilifika klabuni kabla ya chakula cha mchana. Jumapili Joyline alileta kiti cha pili, cheupe, cha kuazima kutoka hoteli ya jirani, akakiweka kando ya kile cha Mwalimu.

"Nyakerario, keti kidogo."

"Si nacheza leo?"

"Utacheza baadaye. Kwanza utusaidie, msimu huu maji ni ya joto sana."

Nyakerario aliangalia msumari wenye viatu vyake. Aliangalia nyuma ya bega mara mbili, kama anayeona mtu anakuja. Kisha akavua viatu na soksi, akaketi, akakanyaga maji. Joyline alipanda kreti, akamsomea Mwalimu habari za Maroa, kisha akageuza simu akamwonyesha binti picha mpya za Elvis, moja baada ya nyingine. Hazikufika tatu. Ghala liliganda kwa mkupuo mmoja, mpaka mabomba ukutani yakafanya ndevu za barafu, na vijana wakapiga mbinja, kwa sababu barafu ya namna hiyo hawajapata kuiona. Beki mpya wa kushoto, mtoto wa Mfangano, aliingia uwanjani akaanza kurudi kinyumenyume. Alifanya vizuri.

Makori aliinama, akagonga barafu ya upande wake kwa kisigino. Akanyoosha mguu, akagonga ya upande wa binti yake. Ya binti ilikuwa ngumu zaidi. Aligonga tena kuhakikisha. Hapakuwa na shaka: ilikuwa bora kuliko yake ya miaka kumi na tisa, na mtoto alikuwa ameanza Jumanne tu. Chini ya nyayo zake, kama zamani, barafu ikapanda kidole kimoja. Joyline alipima pande zote mbili, akaandika, akamwashiria refa.