Kadi Zisizo na Majina

Wanawake watatu wa meza ya nne hawakuweza kushika kalamu. Si kwamba hawakujua kuandika. Walizichukua zile kalamu nene za rangi wakaziachia mara moja, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto, kisha wakacheka kidogo na kuficha mikono chini ya meza.

Mkufunzi alidhani wanaona haya. Akasogea, akainama kuwatia moyo, ndipo alipoviona vidole. Ngozi ilikuwa imebanduka hadi kwenye viungo, na kwenye mikunjo imepasuka, nyekundu.

"Ni magadi makali, mwalimu," alisema mfupi wao, ambaye wenzake walimwita Redio kwa kuwa hanyamazi. "Sisi ndio tunaochanganya. Sabuni inang'arisha nguo za watu, sisi inatung'arisha mpaka mfupa."

"Si ujikaze kisabuni," jirani yake akamtania, na meza nzima ikaangua kicheko.

Ilikuwa saa tisa alasiri katika bwalo la kiwanda, zamu ya asubuhi imetoka tu. Watu ishirini na wanne, meza sita, harufu ya sabuni mpaka kwenye maji ya kunywa. Mkufunzi alikuwa amewagawia kadi tupu, akawataka waandike kila kinachowakwaza kazini, kadi moja jambo moja. Zoezi hilo alifundishwa chuoni na alilipenda kuliko yote.

"Msiandike majina," alikuwa amewaambia. "Hakuna atakayejua nani kaandika nini. Haya ni yangu na yenu."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa.

Wa nne katika meza ile alikuwa mwanamke mrefu aliyeitwa Mama Pacha. Alikuwa amehamishiwa kwenye kuchanganya wiki moja tu iliyopita, mikono yake bado mizima. "Haya, leteni," alisema, akavuta kadi zote upande wake. "Semeni, nitawaandikia. Ila msiongee wote kama kuku."

"Andika glavu," Redio alisema. "Tunapewa siku ya wakaguzi. Wakitoka getini zinarudi stoo."

"Andika choo kinafungwa mpaka mapumziko."

Aliyekuwa mkubwa wao kwa umri hakusema kwa sauti. Alisubiri wenzake wamalize, akamnong'oneza Mama Pacha sikioni. Mama Pacha aliacha kuandika, akamtazama. Kisha akaandika polepole, kwa herufi zake ndefu zilizoinama upande mmoja, mwandiko wa mtu aliyewahi kusifiwa darasani: *Msimamizi wa zamu anasema asiyetaka zamu ya usiku amfuate stoo.*

Walipomaliza, meza ya nne ilikuwa na kadi sita. Mkufunzi alizikusanya na za wengine, akazifunga kwa mpira, akazitia mkobani.

Miaka miwili alikuwa akiitafuta siku kama ile. Alitoka chuoni na cheti cha ukufunzi wa watu wazima, akachapisha kadi za biashara, akabisha hodi kila ofisi yenye mlango. Alifundisha huduma kwa wateja bure, akaambiwa atajulikana. Alifundisha uongozi bure, akaambiwa atakumbukwa. Dada yake, aliyekuwa akimlisha na kumpa kitanda, aliacha kuuliza habari za kazi na kuanza kumtania: "Mshauri wa makampuni, hebu nishauri, leo tupike nini?" Mwanzoni walikuwa wakicheka wote wawili.

Sasa kiwanda hiki kilikuwa kimempa majaribio ya siku mbili. Wenye kiwanda walikuwa na vingine vitano, na Meneja Utumishi alikwishasema kwamba akiridhika atampa vyote, mwaka mzima.

Siku ya pili ilipokwisha, Meneja alimwita ofisini. Alikuwa mtu mpole wa sauti, anayemvutia mgeni kiti kwa mkono wake mwenyewe.

"Binti, hongera. Watu wamefunguka kweli kweli."

"Asante, mkuu."

"Naomba zile kadi."

Mkufunzi aliukumbatia mkoba. "Mkuu, niliwaahidi kwamba..."

Meneja hakubisha. Alifungua faili, akamgeuzia karatasi, akaweka kidole kwenye kifungu cha tisa: chochote kitakachoandikwa au kukusanywa wakati wa mafunzo ni mali ya kampuni. Chini kulikuwa na sahihi yake mwenyewe, na kile kimkia kirefu alichokivuta mwishoni kwa furaha.

Akazitoa kadi.

Meneja alizipanga mezani bila haraka. Nyingine alizisogeza kando, akabaki na sita za mwandiko mmoja. "Hizi ni za mtu mmoja. Huyu ana maneno."

"Hapana, mkuu, si mmoja. Ni watu wanne. Aliwaandikia tu wenzake kwa sababu vidole vyao..." Alisikia sauti yake ikifika mbali kuliko alivyotaka, akanyamaza.

"Aliwaandikia," Meneja alirudia. "Yaani anawasemea."

"Ni mwandiko wake tu."

"Orodha yako ya mahudhurio umeipanga kwa meza. Nimependa, una utaratibu." Akaivuta, akaiweka kati yao. Meza ya nne, majina manne. "Sasa, binti, mimi si mtu mbaya. Hawa wote wana watoto. Unionyeshe aliyeshika kalamu, wengine niwaache wafanye kazi. Au niwaondoe wote wanne. Wewe unasemaje?"

Feni ilizunguka juu ya vichwa vyao. Nje mtu alikuwa akisukuma toroli lenye gurudumu bovu, likapita, likaishilia.

Mkufunzi aliweka kidole kwenye jina la tatu.

"Vizuri," Meneja alisema, kwa upole ule ule.

"Na kuhusu msimamizi wa zamu?" Sauti yake ilimtoka ikiwa ndogo. "Ile kadi ya mwisho."

Meneja aliiokota, akaisoma tena, akaigeuza nyuma kama anayetafuta kitu. "Hii ni tuhuma nzito. Tuhuma lazima iwe na mwenyewe. Hii haina jina." Akaitia mfukoni mwa shati.

Kisha alimsogezea kompyuta. Alitaka sentensi moja tu kuhusu mwenye jina lile, katika ripoti ya mafunzo. "Sisi tukisema tutaambiwa tunamwonea. Wewe ni mtu wa nje, mtaalamu, huna upande. Ndiyo maana tunaajiri watu kama nyinyi."

Aliandika, akafuta, akaandika tena: *Mshiriki huenda ana ushawishi usiofaa kwa wenzake, na hayuko tayari kubadilika.* Meneja alisoma akiwa amesimama nyuma yake, akagonga kioo kwa ukucha.

"Huenda ya nini? Mtaalamu hana huenda."

Akaifuta.

"Jumatatu asubuhi njoo usaini mkataba," Meneja alisema. "Mwaka mzima. Umeanza vizuri sana."

Nyumbani dada yake alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Akamkumbatia, akamwinua, akamwambia sasa mshauri wa makampuni ana makampuni. Mkufunzi alisema kichwa kinamuuma, akaenda kulala.

Jumatatu alifika getini zamu ikiingia. Alikuwa amedhamiria kupita akiangalia chini.

"Dada mwalimu!" Redio alimwona kwanza. "Yule pale!"

Wakamzunguka, wote wanne, na wa meza nyingine nyuma yao. Mama Pacha alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi. "Tulikuwa tunabishana," alisema. "Hawa wanasema kadi umezitupa. Mimi nikasema yule binti ana macho ya ukweli. Hebu waambie, yale maneno yamefika?"

Mkufunzi alifungua mdomo.

"Yamefika," alisema.

"Mnasikia?" Mama Pacha aliwageukia wenzake. "Yamefika!" Na Redio akapiga kelele ya furaha iliyowafanya hata walinzi wageuke.

King'ora kililia, wakaanza kuingia mmoja mmoja kwenye kijilango. Mlinzi alisoma kitambulisho cha Mama Pacha, akatazama karatasi aliyoshika, akasoma tena. Hakumrudishia.

"Wewe mama, simama pembeni kidogo. Unahitajika ofisini."

Wenzake walisita. Akawapungia wapite. Alikuwa akitabasamu, akaweka vizuri kitambaa chake cha kichwani na kukung'uta mbele ya sare. Kisha akamsogelea Mkufunzi, akamshika mkono, akainama mpaka sikioni ili mlinzi asisikie.

"Wameniita nieleze. Wewe unawajua hawa wakubwa, mwalimu. Nianze na glavu, au nianze na lile la msimamizi?"