Ijumaa ya Makopo

Mimi ndiye mwenye vyoo. Wengine pale kiwandani wana mashine, wana makasi, wana kompyuta za kubonyezabonyeza. Mimi nina vyoo sita, birika mbili za chai na ufagio, na sijaona mwenye cheo cha kunishinda. Meneja asipokuja siku tatu, mashati yanashonwa. Mimi nisipokuja siku moja, watu wanatembea wamebana miguu.

Kiwanda chenyewe kiko Changamwe. Kutoka kwangu Chaani ni mwendo wa kumaliza tasbihi moja. Tunashona mashati ya shule na ya wahudumu wa mahoteli. Kwenye mashine wamejaa wanawake. Wanaume wako kwenye kukata vitambaa, kupiga pasi na kupakia. Sasa wanawake wakiwa wengi hivyo, kila siku ya Mungu kuna aliye mwezini. Hilo halitaki elimu kubwa. Mimi niliishia darasa la saba na nalijua.

Pedi zilikuwako, msidhani naisengenya kampuni. Zilinunuliwa nzuri, za kufungwa mojamoja. Lakini ziliwekwa wapi? Ndani ya kabati la chuma, ofisini mwa msimamizi, pamoja na bendeji na dawa ya vidonda. Na ufunguo wa kabati ulining'inia mshipini mwa Morgan.

Morgan ndiye msimamizi. Ni kijana wa bara, mrefu, mpole sana ukikutana naye nje ya geti. Mimi ananiita "shosho", yaani nyanya kwa kikwao, nami namwacha, kwa kuwa hajui kwamba wakati wangu nilipita Kongowea na kikapu kichwani, na wachukuzi wa mikokoteni wakagongana. Kutwa huzunguka kati ya mashine. Mwenye haja ya pedi amfuate hukohuko amwombe ufunguo. Na mashine hamsini zikinguruma, huwezi kunong'ona.

"Wa nini?" Morgan huuliza, ameinamisha sikio.

Msichana humwambia.

"Ongea kwa nguvu, sikusikii!"

Basi msichana husema kwa nguvu, na wapiga pasi husikia, na wapakiaji husikia, na nadhani hata paka wa jikoni husikia.

Ndiyo maana wengi hawakuomba. Waliokota mabaki ya vitambaa chini ya meza ya kukatia wakajisitiri nayo. Kitambaa cha shati la hoteli hakinyonyi kitu. Ukikimwagia chai, inateleza kama maji kwenye jani la mgomba.

Nilishamwambia Morgan. "Mwanangu, hizi pedi ziweke chooni, kila mtu ajichukulie."

"Shosho, zitaibwa."

"Nani aziibe, akapikie nini?"

"Niko na maagizo. Vitu vya huduma ya kwanza viko chini yangu. Mwenye anataka, aje aseme."

Nikamwacha. Lakini kumwacha mtu si kumsahau.

Katika laini ya kola kulikuwa na msichana aitwaye Jalila, kwao Likoni. Kola ndiyo kazi ngumu ya shati, na Jalila alikuwa akizigeuza ncha zake kali mpaka unaogopa kudungwa. Alijifunza miaka miwili, kwa kuungua na kujichoma sindano, hadi akapewa mashine yake. Lakini alikuwa na barua mbili za onyo. Sheria ya kiwanda ni kwamba ukiiacha mashine bila ruhusa, unaandikiwa barua. Ya tatu inakupeleka kwa meneja, na wanaotoka kwa meneja mara nyingi hawarudi mashineni. Huenda moja kwa moja getini.

Alhamisi moja, kengele ya chai ilipolia saa nne, wote waliinuka isipokuwa Jalila. Jirani yake Winfred, ambaye polio ilimkausha mguu mmoja tangu utotoni na hutembea kwa magongo, aliinua gongo moja akanipungia. Nikaiacha birika nikaenda.

"Mwanangu, chai."

"Sina kiu, Bi Mwanatabu." Uso umeinama, mikono imeshika meza.

Nikatazama stuli yake. Sikuuliza tena.

Nyumbani mambo haya hayana maneno. Mwanamke akiona mwenzake ameharibikiwa, humtupia leso, yule akajifunga, maisha yakaendelea. Lakini kiwandani leso ni marufuku karibu na mashine, zisije zikanaswa na mikanda. Mimi peke yangu naruhusiwa, kwa sababu ufagio hauna mkanda. Nikaifungua leso yangu ya juu, Winfred akasimama na magongo yake akatukinga kama pazia, Jalila akajifunga akaenda chooni. Stuli nikaifuta mwenyewe.

Aliporudi, kengele ya kurudi kazini ilikwisha kulia zamani, na Morgan amesimama kwenye mashine yake.

"Umechelewa. Na hiyo leso ni ya nini hapa?"

Jalila alifungua mdomo. Wapiga pasi wakanyamaza kusikiliza. Akaufunga.

Barua ya tatu iliandikwa palepale. Aende kwa meneja kesho, Ijumaa, baada ya swala.

Jioni alinikuta nikisuuza birika. "Bi Mwanatabu, nikinyang'anywa mashine hii sina pengine. Narudi kufua nguo za watu."

"Kesho vaa vizuri," nikamwambia. "Na usilie. Machozi yanatia kutu cherehani."

Ijumaa nilifika mapema kuliko siku zote. Sasa sikilizeni. Vyoo vyetu ni vya kipwani. Maji yako kwenye bomba, na kila choo kina kopo lake. Karatasi ni ya watu wa bara na wageni. Mtu wa pwani bila kopo hata chooni haingii, achilia mbali kwenda kuswali. Nikayaosha makopo yote sita, pamoja na lile la choo cha wakubwa, nikayatia ndani ya ndoo. Karatasi nazo nikazitia. Saa tano nikamwendea Morgan.

"Mwanangu, nifungulie kabati nipanguse vumbi."

Akafungua, sikio kwenye simu. Nikapangusa. Makopo nikayapanga vizuri nyuma ya bendeji, karatasi juu yake. "Tayari," nikasema. Akafunga bila kutazama, ufunguo ukarudi mshipini, naye akarudi kwenye mashine zake. Wale wanawake wawili watatu walioniuliza makopo, niliwapa kopo langu la jikoni kwa siri. Sikuwa na ugomvi nao.

Saa sita ilipokaribia, wanaume wakaanza kutoka kujiandaa kwa swala. Wakaingia chooni. Wakatoka.

"Bi Mwanatabu, makopo yako wapi?"

"Yako kabatini kwa Morgan. Nendeni mkamwombe ufunguo."

Wa kwanza alikwenda kati ya mashine kama mtu anayetembea juu ya mayai. Nikamwona anaongea. Nikamwona Morgan anainamisha sikio.

"Wa nini?"

Akamwambia.

"Ongea kwa nguvu!"

"KOPO! NATAKA KOPO LA CHOONI!"

Wallahi, mashine zilisimama moja baada ya nyingine. Wanawake hamsini wakageuza shingo. Winfred aliinamia kola yake, mabega yanamtetemeka. Nyuma ya yule wa kwanza foleni ilikuwa imeshajipanga, kanzu na kofia, kila mmoja anamtazama wa mbele yake kisogo. Na mwishoni mwa foleni, taulo begani, mikono ya shati imekunjwa, alisimama meneja wetu Bwana Sharif, mtu mzima wa ndevu nyeupe, mbora wa heshima.

"Bwana Sharif," nikamsogelea kwa adabu zote, "na wewe wa nini, baba?"

Alishusha taulo begani, akamtazama Morgan. Morgan alikuwa amekwisha kukimbilia kabatini, anagawa makopo.

Baada ya swala tukaitwa ofisini kwa Bwana Sharif. Jalila, Morgan, na mimi niliyejiita mwenyewe.

"Bi Mwanatabu!"

"Abee."

"Ni wewe uliyefungia makopo?"

"Ni mimi."

"Kwa nini, siku ya Ijumaa?"

"Yasiibwe, Bwana Sharif."

"Nani aibe kopo la chooni?"

"Hilo nililiuliza mimi zamani, juu ya pedi. Sikujibiwa."

Bwana Sharif alikuwa na barua tatu za Jalila mezani. Akazisogeza karibu na macho, akazilaza upande kwa upande. Akatazama tarehe ya kwanza, ya pili, ya tatu, zimepishana mwezi mwezi. Ana mabinti wanne yule mzee. Hakuhitaji kuelezwa na mtu.

"Jalila," akasema taratibu, "siku hizi tatu ulikuwa unaiachia nini mashine?"

Niliogopa angenyamaza tena. Lakini aliinua kichwa.

"Nilikwenda kujisitiri, Bwana Sharif. Niliogopa kuomba ufunguo."

Alisema hivyo tu, na sauti haikutetemeka. Mimi niliyezaa na kulea sijapata kujivunia mtoto wa mtu kama saa ile.

Morgan alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani angetafuta maagizo yake. Badala yake aliuchomoa ufunguo mshipini, akauweka mezani juu ya zile barua.

"Leo nimeombwa kopo na watu kumi na nne," akasema. "Wote walikuwa wanaona haya. Shosho, ungeniambia tu."

"Nilikwambia, mwanangu. Hukusikia, mashine zilikuwa zikinguruma."

Bwana Sharif alizichana barua zote tatu. Kisha akaniuliza nataka nini, nami nikamwambia, kwa kuwa nilikuwa nimeshafikiri tangu Alhamisi.

Jumamosi Jalila alishona vifuko kwa yale mabaki ya vitambaa, kimoja kwa kila choo cha wanawake, tukavitundika vimejaa pedi. Winfred alikuja akavitazama, akainua gongo.

"Mnatundikia twiga? Nikiachia magongo nifikie huko, nani ataniokota?"

Tukavishusha vyote hadi usawa wa kiuno. Sikuwa nimelifikiria hilo, mimi mwenye vyoo.

Wala la Mzee Oduor. Huyu ni mlinzi wa getini, rika langu, tumezoea kutaniana. Alinijia pembeni na kofia mkononi. "Bi Mwanatabu, choo cha wanaume hamkiwekei?"

"Kumbe na wewe umeanza, Mzee Oduor! Ulikuwa umechelewa kweli."

Hakucheka. Akaniambia kuwa tangu alipopasuliwa mwaka jana, mkojo hauzuiliki vizuri, na zamu ya getini ni ndefu. Akawa ananunua zake dukani Frere Town, mbali na kwao, asionekane. Utani uliniganda ulimini. Siku ileile nilitundika kifuko choo cha wanaume. Wapakiaji walicheka wiki nzima, nikawaacha. Kile kifuko hukijaza mara kwa mara, zaidi ya anavyoweza kumaliza Oduor peke yake, wala siulizi zinakwenda wapi. Kwangu hakuulizwi "wa nini".

Ufunguo wa kabati niko nao mimi sasa, nimeufunga kwenye pindo la leso. Kabati halifungwi, lakini napenda jinsi unavyolia nikitembea.

Na saa nne, kengele ya chai ikilia, nashika birika natazama laini ya kola. Jalila ndiye wa kwanza kusimama.