Upinde wa Mlangoni

"Chunusi! Mwanangu unampa upinde wenye chunusi, fundi, halafu unaniambia ndio mzuri?"

Mshonaji alikuwa amesimama katikati ya kibaraza, futi ya kupimia shingoni, sindano mbili zimechomekwa kifuani mwa gauni. Kulia zilikuwa cherehani zake, kushoto karakana ya Fundi Randa, mtengeneza pinde. Walikuwa majirani wa miaka kumi na moja, na siku waliyowahi kuipitisha bila kurushiana maneno haijulikani.

"Si chunusi, jirani, ni fundo. Mti ulipokuwa hai, tawi lilitokea pale. Nyuzi za mbao zinalizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe, nami nimezifuata. Ningelikwangua likawa bapa, ningekata nyuzi, na upinde ungekatikia hapo hapo. Ndiyo maana nimeliachia unene."

"Mimi naona kinundu."

"Hicho kinundu ndicho kinachomlinda binti yako."

"Basi kimlinde mteja mwingine." Mshonaji akachomoa upinde kwapani akamsukumia kifuani. "Binti anashindana leo mbele za watu, hawezi kwenda na kitu kama goti la mzee. Asubuhi, ulipokwenda kunywa chai na kusema watu, nimemchukulia ule wa mlangoni. Ule unaong'aa. Na bei ni ile ile, usinitolee macho."

Fundi akageuka. Pale mlangoni ulibaki msumari mtupu.

Ule upinde ulikuwa mfu. Mbao yake iliwahi kuanikwa juani kwa pupa, ikatoa ufa mwembamba kama unywele, nao ulikatisha nyuzi mshazari. Ufa unaofuata nyuzi unaweza kuuzunguka kwa kisu, ukaufunga kwa uzi na gundi, mkaelewana. Unaokatisha hauna dawa, hiyo ni kuni. Lakini mbao ilikuwa na rangi ya asali, akashindwa kuitupa. Aliujaza ufa kwa unga wa mbao na gundi, akapaka vanishi mara tatu, akautundika uvute wateja. Hakumwambia mtu, yeye ambaye hata ndoto zake mtaa mzima unazijua.

"Ameshauvuta?"

"Nani?"

"Binti! Ameshauvuta huo upinde?"

"Wanaanza saa nne, huko uwanjani. Fundi, mbona umepauka hivyo? Fundi!"

Alikuwa ameshatoka mbio. Juu ya jicho lake la kushoto kuna kovu, naye huwaambia wateja kwamba lilitokana na wanawake wawili waliomgombea. Uongo mtupu. Ni kipande cha upinde uliompasukia mikononi, na kama kingeshuka upana wa kidole kimoja, leo angekuwa chongo.

"Fundi, umefumaniwa?" kinyozi alimpigia kelele kutoka mlangoni kwake. Siku nyingine wangekaa hapo nusu saa wakitaniana. Leo hata hakumsikia. Kandambili moja ilimchomoka mguuni, akaiacha barabarani.

Uwanjani, binti alikuwa wa tatu kwenye mstari, mshale umeshakaa, mkono unarudi nyuma. Fundi akafungua kinywa apige ukelele, akaumeza. Akimshtua, ataachia au atamalizia kuvuta, na kwa vyote viwili jicho litapotea. Akatembea.

Tik.

Watu hawakusikia kitu. Yeye alikisikia hadi kwenye meno.

"Mwanangu," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "usivute tena. Wala usiachie."

"Mjomba, nimeshalenga!"

"Najua. Geuza uso pembeni. Sasa rudisha mkono polepole, kama unamlaza mtoto."

Tik. Tik.

Kamba ikarudi kidogo kidogo. Fundi hakupumua mpaka iliponyooka kabisa. Akauchukua upinde, akaenda nao mbali na watu, akafunika uso kwa shati, akaukanyaga katikati na kuukunja. *Kaa!* Kipande kirefu kama kisu kikaruka na kwenda kutoboa ndoo ya maji ya waamuzi.

Binti akajishika shavu. Nyuma yake mshonaji alikuwa amefika, anahema, futi bado shingoni.

"Ulikuwa na ufa," fundi akamwambia. "Niliujua. Niliuziba nikautundika."

Akasubiri atukanwe. Mshonaji akanyoosha kidole tu: upinde wa kinundu ulikuwa bado kwapani mwa fundi, alikimbia nao bila kujua. Binti akaupokea. Akashika nafasi ya nne, akaulaumu upepo njia nzima hadi nyumbani.

Fundi alipofika karakana aling'oa ule msumari. Akajaribu kushika kisu, kikamdondoka. Akajaribu tena, kikadondoka. Ule mlio ulikuwa bado masikioni: tik, tik. Alipoinua macho, mshonaji alikuwa mlangoni.

"Sijakusamehe."

"Najua, jirani."

"Na hata kesho usitegemee msamaha."

"Najua."

"Na mimi niliingia kwa mtu bila hodi, nikabeba." Alisema haraka haraka, akitazama barabarani. Kisha akaitazama mikono ya fundi iliyolala magotini ikiruka ruka. "Hiyo mikono haitatulia kwa kuitazama. Binti ameshapakua, sahani tatu. Inuka uje ule, nikutukane ukiwa umeshiba."