Karatasi Kumi na Moja za Ngazini

Kwa miaka kumi na moja Profesa Sigvart Kleppestrand alikuwa akiwafundisha watu maana ya dugnad, ule msaragambo wa kila Mei ambapo majirani wote hushika reki na kusafisha ua kabla ya sikukuu ya taifa. Na kwa miaka hiyohiyo kumi na moja hakuna jirani aliyewahi kumwona ameshika reki. Yeye alishika kalamu. Kitabu alichoandika juu ya jambo hilo kilikuwa na kurasa mia nne, kizito kiasi cha kufaa kushindilia changarawe, na hiyo ingekuwa kazi ya kwanza ya maana kwa kitabu chenyewe.

Jorunn aliyajua haya vizuri. Alikuwa mwanafunzi wake wa mwaka wa tatu katika Lugha na Utamaduni wa Skandinavia, tena alipanga chumba cha chini kabisa katika jengo lilelile la Bergen, Norwe, ambalo profesa aliishi ghorofa ya juu, kule kwenye mandhari. Na alijua jambo jingine baya zaidi.

Watu wa jengo lile hawamsemi mtu usoni. Ukiwaudhi, wanakusalimia vizuri tu, halafu wanabandika karatasi ngazini. "Tunawakumbusha wakazi WOTE," itasema karatasi, na jengo zima litajua anayekumbushwa ni nani. Kila Mei, Torbjørg, dereva wa basi mstaafu na mwenyekiti wa wakazi, alibandika yake. Ya mwaka jana ilisema: "Reki zetu ni kumi na saba. Kumi na sita zimelowa. Moja haijawahi kuonja mvua. Salamu za upendo, Uongozi."

Na kila Mei profesa aliibandua polepole asije akaichana, akaipeleka chuoni, akaiweka kwenye slaidi.

Ndiyo, kwenye slaidi. Wiki ya saba ya somo lake ilikuwa karatasi zile kumi na moja na mdomo wake. "Tazameni hekima hii!" alisema, akizipapasa ukutani kwa fimbo. "Mkosaji hatajwi jina. Anaachwa ajitambue mwenyewe. Na lazima ajitambue! Mtu wa Kaskazini hahitaji kuambiwa mara mbili." Ukumbi mzima uliandika. Jorunn aling'ata kalamu mpaka plastiki ikapasuka.

Angesema nini? Nafasi ya kwenda Aisilandi mwaka mzima, kusoma miswada ya kale iliyoandikwa kwenye ngozi za ndama, ilikuwa moja tu. Fomu ilitakiwa ofisini Jumatatu kabla ya saa sita mchana ikiwa na saini ya Sigvart. Wiki ya tatu hii saini ilikuwa "kesho". Mwishowe akamwambia, "Niletee Jumamosi uani. Nitakuwepo, nina mgeni wa kumwonyesha msaragambo."

Jumamosi mvua ilinyesha, na hakuna aliyejisumbua kuitaja. Jorunn aliificha fomu ndani ya koti la mvua, akapewa kazi ya kuchoma soseji chini ya turubai.

"Masharti unayajua," Torbjørg alimwambia. "Mkono mchafu, soseji. Mkono msafi, pole sana. Usiniangushe, binti."

Saa tano profesa akateremka. Alivaa lile sweta la kufumwa lenye vifungo vya fedha, ambalo watu wengine hulivaa arusini. Shingoni kamera, kwapani daftari. Nyuma yake alikuja Ildikó, mama wa makamo anayefundisha lugha za Skandinavia huko Budapest.

"Msishtuke, jamani! Endeleeni kama kawaida!" Sigvart alipaza sauti. "Mimi sipo!"

"Hilo tumeshalizoea," Torbjørg akaiambia ndoo yake.

Profesa akaanza kueleza. Huyu anafagia, kwa nini anafagia, babu yake alifagiaje. Alipofika kwenye babu, Ildikó hakuwepo tena. Ameshaichukua reki ya kumi na saba, ile kavu, na yuko nyuma ya mapipa ya taka anakwangua majani yaliyooza tangu vuli, matope mpaka kwenye viwiko.

"Huyu mama wa wapi?" aliuliza jirani mmoja.

"Hungaria."

"Tumchukue. Tuwape huyu wetu."

Saa saba soseji ziliiva. Watu wakapanga foleni, kila mmoja akionyesha viganja kama watoto wa chekechea. Ildikó alipata mbili. Halafu mbele ya Jorunn ikasimama mikono miwili myeupe, laini, yenye harufu ya sabuni ya lavenda.

"Moja tu, Jorunn, yenye vitunguu vingi," alisema Sigvart. "Ildikó atanipiga picha nikiila. Ni ya jalada la toleo jipya. Na ile fomu unayo? Lete nikumalizie." Akachomoa kalamu.

Majirani wote wakayatazama mawingu. Torbjørg pekee alimtazama Jorunn.

Jorunn aliibana soseji kwa koleo. Aisilandi ilikuwa umbali wa mkono. Angempa tu, nani angemlaumu? Wote wangemlaumu, na asingeambiwa na yeyote. Angeisoma ngazini.

Akairudisha soseji kwenye moto.

"Sigvart, mikono yako ni misafi."

"Naam?"

"Zile karatasi kumi na moja za wiki ya saba. Reki ambayo haijalowa ni yako. Zote zilikuwa zinakusema wewe."

Jirani mmoja alikohoa. Ildikó akaacha kutafuna. Profesa akafungua daftari.

"Rudia," alisema akihema. "Polepole. Mbele ya watu wangapi hivi?"

"Kumi na wanane, na mgeni."

"Kumi na wanane!" Akaandika mbio, vifungo vikilia. "Mkosaji anatajwa usoni, hadharani, na kijana! Hii haijawahi kurekodiwa! Unajua ulichokifanya, mtoto?" Akaipokonya fomu, akatia saini bila kuisoma. Penye sababu za kumpendekeza akaandika: *Mtoa habari bora kabisa wa utafiti wangu.* Kisha akapanda ngazi mbili mbili akaandike kabla hajasahau, bila soseji wala tone la tope.

Jorunn aliitazama fomu. Miaka mitatu ya kukesha na vitabu, na anakwenda Aisilandi kwa sababu ya soseji.

"Sasa utakwenda?" Torbjørg aliuliza.

"Nakwenda."

"Nenda. Na huko fagia ua wao."

Jumatatu asubuhi, akitoka mbio kwenda ofisini, alikuta karatasi mpya ngazini, ya kumi na mbili: "SIGVART. Reki yako iko mlangoni kwako. Torbjørg."

Mbele yake amesimama profesa na kamera, macho yanang'aa kwa furaha.

"Jorunn! Umeiona? Jina lenyewe!" Na kule juu, mlangoni kwake, reki imeegemea ukuta, naye ametundika mwavuli wake juu yake.